Pikapu imeinuliwa, je, trela limefikiriwa?

Iwapo umewahi kupita barabara ya Lunga Lunga au Enterprise alfajiri, wakati wafanyakazi kutoka Mukuru na Makadara wanapomiminika kwa miguu kuelekea viwandani, bila shaka umekutana na matrela. Hujipanga karibu na lango la kiwanda, kontena mgongoni, injini zikinguruma, huku utingo akiwa ameinama na tochi kati ya kichwa cha lori na trela lenyewe. Wapita njia wengi hudhani ameangusha kitu. La, hasha! Anakagua chuma ambacho wewe unayepita hukioni, lakini ndicho kinachozuia tani nyingi zisiachane na lori na kukufuata ulipo.

Chuma hicho huitwa gurudumu la tano. Jina lisikuchanganye, kwani hakibiringiki. Ni sahani nzito iliyolazwa juu ya ekseli ya nyuma ya kichwa cha lori, ikiwa na mwanya wenye umbo la herufi V na taya za kubana. Chini ya trela kuna pini nene inayochomoza. Dereva anaporudi nyuma, pini huingia kwenye mwanya, taya hujifunga, na trela huwa limeshikwa. Pini ya matrela mengi ina unene wa inchi 2 tu, na ile ya mizigo mizito zaidi inchi 3 na nusu. Jina lenyewe lilitoka kwenye magari ya kukokotwa na farasi. Juu ya ekseli ya mbele kuliwekwa duara la chuma lililolala ili ekseli iweze kugeuka. Kwa kuwa magurudumu manne yalikuwa chini, hilo likaitwa la tano.

Huenda ukauliza haya yanakuhusu nini wewe usiyeendesha lori. Yanakuhusu, kwa sababu trela si mali ya malori peke yake. Hata historia inaonyesha hivyo. Mnamo mwaka wa 1914, katika mji wa Detroit nchini Marekani, mfanyabiashara wa mbao aitwaye Frederic Sibley alitaka kusafirisha mashua yake ya starehe. Alimwendea mhunzi August Fruehauf, naye akamtengenezea trela la kukokotwa na gari dogo la Ford. Lilifanya kazi vizuri hata Sibley akaagiza mengine ya kubebea mbao. Hivyo basi trela la mizigo lilianza safari yake nyuma ya gari la kawaida, kwa ajili ya mapumziko ya mtu mmoja.

Hapa Nairobi mambo yanaelekea huko huko. Mwenye kukodisha hema na viti, mwenye jiko la kuhamahama, mwenye vipaza sauti vya mikutano, wote hao wanaweza kujipatia trela la kukokotwa na pikapu. Mafundi wa kuchomelea vyuma hawakosekani, iwe ni Kariobangi Light Industries au vichochoro vya Industrial Area. Nao wenye pikapu, wakichoshwa na matope na mashimo, huziinua springi na kufunga matairi makubwa. Kila jambo kati ya haya mawili lina maana yake. Hatari huanza pale yanapokutanishwa bila mtu kuchukua futi na kupima.

Yaliyomfika shemeji yangu

Shemeji yangu, mkazi wa Donholm, hukodisha hema na viti kwa harusi na matanga. Pikapu yake aliiinua baada ya kukwama mara mbili wakati wa masika. Baadaye alitengenezewa trela la sanduku, refu kwenda juu kiasi cha mtu mzima kusimama ndani, likiwa na pini ya kuingia kwenye gurudumu dogo la tano lililofungwa kitandani mwa pikapu. Kosa lilikuwa moja tu. Vipimo vya trela vilichukuliwa kabla pikapu haijainuliwa.

Siku ya kwanza kulifunga, trela lilikaa pua juu na mkia chini, kama ng'ombe anayenusa mvua. Shemeji aliona, akacheka, akasema litajinyoosha likipakiwa. Kwenye tuta la kwanza mkia ulikwaruza lami. Kwenye barabara kubwa, kila basi lilipompita, trela liliyumba na usukani ukawa mwepesi mikononi mwake. Bado akaendelea.

Alipoingia kichochoro cha mtaa alikokuwa akipeleka hema, pembe ya mbele ya paa ilinasa waya wa stima uliovutwa kutoka nyumba moja hadi nyingine. Waya ulikatika, ukaanguka mahali ambapo dakika chache kabla watoto walikuwa wakilifuata trela kwa shangwe, wakidhani limeleta muziki. Hawakuwapo kwa sababu mama mmoja muuza mboga alikuwa amewafukuza kwa kelele. Hakuna aliyeumia. Lakini kutoka siku hiyo shemeji hajacheka tena akiona trela limeinua pua.

Kwa nini pua ikiinuka ni taabu

Tuchukue mfano. Tuseme gurudumu la tano limepanda kwa sentimita 10 kwa sababu pikapu imeinuliwa, na kutoka kwenye pini hadi kwenye ekseli za trela ni mita 5. Mkia ukiwa umepita ekseli kwa mita 2 na nusu, utashuka kwa sentimita 5. Hizo ndizo sentimita zilizokwaruza tuta. Wakati huo huo, paa la mbele litakuwa limepanda kwa sentimita 10. Hizo ndizo zilizofikia waya.

Isitoshe, trela lenye ekseli mbili likiinua pua, uzito hukimbilia ekseli ya nyuma, hasa kama springi za ekseli hizo hazikuunganishwa ili kugawana mzigo. Matairi ya nyuma hupata moto na kuchakaa upesi, na breki za ekseli ya mbele hupoteza nguvu kwa kuwa matairi yake hayakandamizi barabara vya kutosha. Halafu pini nayo haikai bapa juu ya sahani. Hukalia upande mmoja, na taya hubeba msukosuko ambao hazikuundiwa.

Jambo jingine ni upepo. Trela refu ni kama ukuta unaotembea. Nguvu ya upepo unaolikabili huongezeka kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 50 kwa saa hadi 80, mwendo umeongezeka mara 1.6, lakini nguvu ya upepo imeongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Kazi ya breki unapotaka kusimama nayo huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Na kwenye kona, nguvu inayotaka kulipindua trela hufuata kanuni hiyo hiyo, ilhali pikapu iliyoinuliwa na trela lililo refu vyote vimeubeba uzito wao juu.

Kuinua springi hakuongezi nguvu

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Mwenye pikapu huongeza majani ya springi, akaiona haishuki tena ikipakiwa, akadhani sasa inaweza kubeba zaidi. Springi zimekuwa ngumu, lakini ekseli, beringi, breki, fremu na rimu ni zile zile zilizotoka kiwandani. Uzito wa juu ulioandikwa na mtengenezaji kwenye kibandiko cha gari haubadilishwi na mashine ya kuchomelea.

Hebu tupige hesabu. Trela la gurudumu la tano huweka kiasi cha asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake juu ya pikapu. Trela la kilo 3,000 likiweka asilimia 20, hizo ni kilo 600. Ongeza kilo 80 za gurudumu la tano lenyewe. Kisha ongeza dereva na abiria wanne, tuseme kilo 350. Jumla ni kilo 1,030. Kama pikapu inaruhusiwa kubeba kilo 1,000, basi umezidisha hata kabla ya kutia mfuko mmoja wa viazi. Watu wengi husahau kwamba abiria nao ni mzigo.

Usijaribu kukwepa hesabu hiyo kwa kusukuma mizigo nyuma ya trela ili pikapu ipumue. Trela lenye mkia mzito huyumba, na likishaanza kuyumba huvuta pikapu kama mbwa anayetikiswa na mkia wake. Vitu vizito viwekwe chini kabisa, karibu na ekseli na kidogo mbele yake. Viti vya chuma vilale sakafuni na hema zikae juu yake. Vyote vifungwe kwa kamba visiteleze.

Kuhusu matairi makubwa, fahamu pia kwamba yanaudanganya mshale wa mwendo. Kipenyo cha tairi kikiongezeka kwa asilimia 10, mshale ukisema 80, kwa kweli unakwenda 88. Breki nazo hupungua makali, kwa kuwa tairi kubwa ni vigumu zaidi kulizuia. Hata taa za mbele hupanda, zikawapofusha madereva wanaokuja. Ukiinua gari, zishushe taa.

Tiba ni tatu

Kwanza, simamisha pikapu na trela mahali tambarare, ukiwa umepakia kama siku ya kazi. Pima kutoka chini hadi sakafu ya trela, mbele na nyuma. Vipimo vikilingana au kukaribiana sana, shukuru. Visipolingana, una njia tatu.

Njia ya kwanza ni kushusha gurudumu la tano, iwapo lina matundu ya kurekebisha urefu. Lakini hakikisha kati ya tumbo la trela na kuta za kitanda cha pikapu kunabaki nafasi ya kama sentimita 15. Ikipungua sana, siku utakapovuka shimo kwa pembe, trela litakalia ukuta wa pikapu na kuukunja.

Njia ya pili ni kuinua trela kwenye ekseli zake. Litanyooka, lakini sasa kila kitu kimepanda, paa limekaribia waya zaidi, na uzito uko juu zaidi kwenye kona. Kwa trela ambalo tayari ni refu, hii ni njia ya kufikiria mara mbili, na kazi yenyewe ifanywe na fundi anayeelewa ekseli na breki, si kuchomelea tu.

Njia ya tatu ndiyo wengi hawataki kuisikia. Irudishe pikapu chini. Shemeji yangu alilia bei aliyokuwa amelipa kuiinua, lakini mwishowe hiyo ndiyo aliyoifuata. Nami nasema alifanya la busara.

Usisahau breki za trela lenyewe. Pikapu nyingi haziruhusiwi kukokota zaidi ya kilo 750 iwapo trela halina breki zake. Sanduku refu lililojaa viti limepita hapo zamani. Kama hujui uzito, nenda ukapime. Viwanda na wauzaji wa vyuma chakavu huwa na mizani ya magari, na ada ya kupima si kitu ukilinganisha na gharama ya ajali.

Yale anayoyafanya utingo

Sasa turudi kwa yule utingo mwenye tochi. Kazi yake inaweza kufuatwa na mwenye pikapu hatua kwa hatua.

Ziba magurudumu ya trela kwa vigingi au mawe kabla ya kufanya lolote. Fungua mlango wa nyuma wa pikapu. Zungusha miguu ya trela hadi sahani ya trela iwe chini kidogo kuliko gurudumu la tano, ili pikapu ikirudi iingie chini yake na kuliinua kidogo. Trela likiwa juu mno, pini inaweza kupita juu ya taya, ukasikia mlio ukadhani limeshika, kumbe halijashika. Huo ndio mtego mkubwa.

Baada ya mlio, shuka uangalie kwa macho. Taya ziwe zimeizunguka pini, na kati ya sahani ya juu na ya chini usione mwanga. Tia pini ya usalama, unganisha waya wa taa na waya wa breki ya dharura. Kisha, miguu ya trela ikiwa karibu kugusa ardhi na breki za trela zikiwa zimeshika, vuta mbele polepole. Likikataa kuachana, limeshika. Hapo ndipo unapoinua miguu na kuondoa vigingi. Zoezi zima halizidi dakika kumi.

Kabla ya kuondoka, kagua taa na matairi. Hakikisha pia kwamba trela lina namba yake ya usajili, ile inayoanza kwa herufi Z, na kwamba leseni yako inakuruhusu kukokota. Mamlaka ya uchukuzi na usalama, NTSA, ndiyo ya kuulizwa. Kampuni yako ya bima iambiwe mapema kwamba pikapu imeinuliwa na inakokota, isije ikaligundua hilo siku ya kudai fidia.

Jua urefu wako

Dereva wa kontena ana somo la kutufunza hapa. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59, na lile refu zaidi mita 2.9. Ukiyatazama kutoka mbali huwezi kuyatofautisha. Lakini juu ya trela lenye kitanda cha mita 1.5, la kwanza linafika mita 4.09 na la pili mita 4.4. Tofauti ya sentimita 31 inatosha kabisa kukutenga na daraja.

Basi nawe pima kutoka ardhini hadi sehemu ya juu kabisa ya trela lako, likiwa limefungwa kwenye pikapu. Andika kipimo hicho kwenye karatasi na ukibandike mbele ya usukani. Ukifika kwenye daraja la reli, boriti ya lango la mtaa au paa la kituo cha petroli, huna haja ya kukisia. Katika mitaa ambako nyaya zimevutwa ovyo, mtu mmoja ashuke atangulie kwa miguu, naye dereva aende mwendo wa kinyonga.

Ikitokea umenasa waya, usishuke. Kaa ndani, waonye watu wasikaribie, na mtu awapigie simu Kenya Power wazime umeme. Iwapo gari limeshika moto na huna budi kutoka, ruka miguu ikiwa pamoja bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha uondoke kwa hatua fupi za kuburuta miguu.

Wewe unayetembea kwa miguu

Hata kama huna pikapu wala trela, watoto wako huvuka barabara pamoja nayo. Wafunze mambo mawili. La kwanza, trela likikata kona, magurudumu yake ya nyuma hayafuati njia ya kichwa. Hukata kwa ndani, yakapanda hata ukingo wa barabara. Kwa hiyo upande wa ndani wa kona si mahali pa kusimama, wala si pa kupitisha baiskeli au bodaboda. La pili, usipite kamwe kati ya kichwa na trela, hata likiwa limesimama kwa saa nzima kwenye lango la kiwanda. Dereva hakuoni, na trela halitoi habari kabla ya kuondoka.

Mpenzi msomaji, sikuandika haya kukukatisha tamaa. Trela lililofungwa vyema hulisha familia nyingi mjini humu, na shemeji yangu bado anapeleka hema zake kila Jumamosi. Ila sasa, kabla ya kuwasha injini, hutembea kulizunguka trela akiwa na futi na tochi, na mwanawe wa darasa la saba ndiye anayesoma vipimo kwa sauti. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kinga ya trela hufanyika gari likiwa bado limesimama.